Kiboko Aliyejisajili Mwenyewe

Niingie?
— Ingia!
Niingie na mguu gani?
— Mguu wa hadithi!
Nimebeba nini kapuni?
— Uongo mtamu!
Na ukweli je?
— Umo humo humo, umelala!
Basi msiuamshe. Kaeni.

Hapo kale wanyama wa nyika walicheza mpira wa magongo. Kila kiangazi, majani yakikauka na ardhi ikiwa ngumu, walikata magongo, wakachonga mpira kwa mzizi, wakacheza. Ko! Ko! Ko! Nani aliyeanzisha, hajulikani. Walikuta babu zao wanacheza, nao wakacheza.

Timu zilikuwa tano. Mimi nitazitaja mbili tu. Zile tatu zilicheza vizuri zikarudi nyumbani, na timu inayocheza vizuri haina hadithi.

Ya kwanza ni Mabwawani. Uwanja wake ulikuwa kando ya bwawa, na mwenyekiti wake alikuwa Kiboko. Ya pili ni Majabali, kule kwenye mawe, na mwenyekiti wake alikuwa Fisi.

Mwamuzi na msimamizi wa ligi nzima alikuwa Korongo. Shingo ndefu, mguu mmoja juu, hacheki. Korongo alikuwa na sheria zake, na kila mwaka alizisoma upya, kwa sababu kila mwaka kulikuwa na mtu aliyesema hakuzisikia.

Sheria ya kwanza: wachezaji watalipwa matikiti, na hakuna timu itakayolipa wachezaji wake zaidi ya matikiti thelathini kwa msimu. Thelathini ndiyo kikomo. Hii ilikuwa ili mwenye shamba kubwa asiwanunue wote.

Sheria ya pili: siku ya kuchagua chipukizi, timu iliyoshika mkia itachagua kwanza. Hii ilikuwa ili mnyonge naye ainuke.

Sheria ya tatu: timu itakayoshika mkia misimu minane mfululizo itavunjwa, na uwanja wake utapewa timu iliyo juu yake. Hii sijui ilikuwa ili nini. Korongo mwenyewe aliisoma haraka haraka.

Sasa, Mabwawani walikuwa wameshika mkia misimu saba.

Mtauliza, iweje? Mwaka baada ya mwaka wanachagua kwanza, mwaka baada ya mwaka wanakuwa wa mwisho?

Sababu ilikuwa moja, na ilikuwa nene. Msimu wa kwanza chipukizi walipopangwa mstari, wote walimtaka Duma mdogo. Kiboko akamtazama Kinyonga. Akasema, "Huyu anaona mbele na nyuma kwa wakati mmoja. Nimeamua." Na Kiboko akiamua, ameamua. Kinyonga akaingia uwanjani. Alipolifikia duara la katikati, msimu ulikuwa umekwisha.

Msimu wa pili Kiboko aliibadilisha zamu yake ya kuchagua kwa Kifaru mzee, aliyewahi kusifika enzi za mababu. Akamlipa matikiti kumi na manne. Kifaru alikuwa na goti moja linalokunja na moja lisilokunja. Akikimbia, anazunguka. "Nimeamua," akasema Kiboko. Na Kiboko akiamua, ameamua.

Wa tatu hadi wa saba ni hivyo hivyo, nisiwachoshe.

Na siku za malipo, Kiboko alisimama mlangoni pa ghala. "Lete nionje kama limeiva," anamwambia mchezaji. Anaonja. Nyam! Akionja Kiboko, linabaki ganda. "Limeiva," anasema. "Anayefuata."

Katibu wa Mabwawani alikuwa Bibi Nguchiro. Kamnyama kadogo, mwili mwembamba, macho mekundu, hakatulii. Alipewa ukatibu kwa sababu kucha zake ziliweza kuandika kwenye gome la mti. Kila uamuzi wa Kiboko aliuandika yeye. Aliandika, hakusema kitu. Alikuwa akiishi kwenye kichuguu kando ya uwanja, na humo alikuwa na watoto wanne.

Mwisho wa msimu wa saba, Fisi alikuja kuutazama uwanja wa Mabwawani. Aliuzunguka wote kama mtu anayepima nyumba ya kupanga. Alipofika kwenye kichuguu, akainamisha pua kwenye shimo. Fff, fff.

"Watoto wako hawa, dada Nguchiro?" akauliza.

"Wangu, Bwana Fisi."

"Wazuri. Wanono," akasema Fisi, akameza mate. "Msimu ujao tutakuwa majirani. Hi hi hi."

Akaenda zake. Nguchiro akakaa mlangoni mwa kichuguu muda mrefu. Alikuwa na hofu, nayo hofu ya mdogo haina pa kwenda, huzunguka humo humo kichwani mpaka igeuke kuwa kitu kingine.

Asubuhi akaenda bwawani. Kiboko alikuwa majini, masikio tu nje.

"Hodi, Mheshimiwa Mwenyekiti."

"Sema, Katibu. Nimekwisha kuamua. Mwaka huu tunaibadilisha zamu yetu kwa Tembo mzee wa timu nyingine. Anataka matikiti ishirini."

"Ni uamuzi mkubwa, mzee," akasema Nguchiro. "Ila nilikuwa najiuliza neno moja dogo."

"Jiulize."

"Ndani ya timu yetu, nani mwenye kifua kipana kuliko Tembo?"

Kiboko akafikiri. "Mimi."

"Nani mwenye akili ya mchezo?"

"Mimi."

"Nani anaweza kulijaza goli mwamba kwa mwamba, hata mpira ukose pa kupita?"

"Mimi!" akasema Kiboko, na maji yakaruka, chubwi!

"Basi, mzee, kwa nini matikiti ishirini yaende kwa mtoto wa mwenzio? Wewe unaonja tu kwa watu. Mwenye kuonja hushukuru, mwenye lake hula. Jisajili mwenyewe."

Kiboko akatoka majini mpaka magotini. Jambo hilo halikuwahi kumjia. "Nijisajili kwa mangapi?"

"Sema wewe, mzee. Mwenye kuamua ni wewe."

"Ishirini na manne," akasema Kiboko. "Nimeamua."

Na Kiboko akiamua, ameamua.

Nguchiro akaandika mkataba kwenye gome. Kisha akamsomea. Msije mkasema alimficha. Alimsomea wote, neno kwa neno, kwa sauti. Alisoma kwamba mchezaji atalipwa matikiti ishirini na manne. Alisoma kwamba mtu hawezi kuwa mchezaji na mwenyekiti kwa wakati mmoja. Alisoma kwamba kiti kikiwa wazi, katibu atakikalia hadi mwisho wa msimu. Alisoma kwamba mchezaji aweza kubadilishwa na timu nyingine, na mkataba utamfuata kama mkia.

Kiboko alisikia neno moja tu: ishirini na manne.

"Nitie sahihi wapi?"

"Hapa, mzee."

Puu! Kiboko akakanyaga. Sahihi ikaenea gome zima.

Habari zikafika kwa wachezaji. Nahodha wao alikuwa Ngiri, mnyama mwaminifu, mwenye hasira za haraka. Akaja mkia juu.

"Nguchiro! Thelathini kutoa ishirini na manne ni ngapi?"

"Sita, kaka Ngiri."

"Na sisi tuko wangapi?"

"Kumi."

"Kwa hiyo mimi na wenzangu tisa tule matikiti sita? Umetuuza, Nguchiro! Bora tungebaki na Kifaru!"

"Ngoja siku ya kuchagua," akasema Nguchiro.

"Na baada ya hapo?"

"Baada ya hapo, ukitaka kunikanyaga, kichuguu changu unakijua."

Ngiri akaondoka akinung'unika. Hakumwamini. Na kwa kweli, hata Nguchiro mwenyewe hakuwa na uhakika. Alikuwa amelima nusu ya shamba, mbegu bado.

Siku ya kuchagua ikafika. Chipukizi wakapangwa mstari, vumbi limepanguswa, masikio yamesuguliwa. Wenyeviti watano wakaketi mbele. Kiboko akaja, akakiendea kiti chake.

Korongo akainua ubawa. "Wewe ni nani?"

"Mimi? Mwenyekiti wa Mabwawani!"

Korongo akainua gome. "Hapa kuna unyayo wa mchezaji namba kumi na moja. Wa nani?"

Kiboko akautazama. Unyayo ulikuwa wake. Hakuna mwingine nyikani mwenye unyayo kama sinia.

"Wachezaji wanakaa kule," akasema Korongo. "Chini."

Kiboko akaenda kukaa chini, kati ya Kanga na Kicheche, na nafasi haikutosha. Nguchiro akapanda kwenye kiti cha mwenyekiti. Miguu yake haikufika chini. Hakujali.

Kabla ya zamu ya kwanza kuitwa, Fisi akamsogelea.

"Dada Nguchiro, ni kweli yule tumbo amekuwa mchezaji?"

"Ni kweli."

"Anadaka?"

"Hana haja ya kudaka. Anakaa golini, basi. Mpira utapita wapi?"

Fisi akamtazama Kiboko. Akalitazama goli. Akamtazama Kiboko tena. Akawaza: Mabwawani wakiwa na huyu golini hawafungwi, wasipofungwa hawashiki mkia, wasiposhika mkia, uwanja siupati. Mate yakamkauka.

"Niuzie," akasema.

"Huyu hauzwi, Bwana Fisi. Ni mzee wetu."

"Tubadilishane, basi."

"Watu watanisema."

"Chukua zamu yangu ya kuchagua! Mtachagua wa kwanza na wa pili!"

Nguchiro akakuna sikio. Akatazama mbingu. Akahema kama mama anayemtoa binti kwa mahari ndogo. "Haya," akasema. "Kwa ujirani tu."

Korongo akapuliza filimbi, pruuu! Yakaandikwa.

Kiboko alisikia jina lake. Akainuka, na Kanga akapata pa kupumulia.

"Mmeniuza?" akauliza. Sauti yake ilikuwa ndogo; kwa mara ya kwanza watu waliona kwamba Kiboko ana sauti ndogo.

"Hatujakuuza, mzee," akasema Nguchiro. "Tumekubadilisha. Na matikiti yako yote unakwenda nayo."

"Yote?"

"Ishirini na manne."

Kiboko akafikiri, akafuta jicho. "Basi si vibaya sana," akasema.

Kisha Korongo akamgeukia Fisi. "Majabali, wachezaji wenu mnawalipa mangapi?"

"Ishirini," akasema Fisi kwa fahari. Alikuwa bahili.

"Ishirini na ishirini na manne?"

Fisi hakuwahi kuhesabu zaidi ya kinachoingia kinywani. Akaanza kukunja vidole, vikaisha.

"Arobaini na manne," akasema Korongo. "Kikomo ni thelathini. Punguza kumi na manne sasa hivi, au timu yako haichezi."

"Basi namrudisha Kiboko!"

"Filimbi ikishalia, haimezwi."

Fisi akalia, akacheka, akalia tena. Kwa fisi ni kitu kimoja. Mwisho akamwachia Nyani, mchezaji wake mwenye mikono mizuri kuliko wote, aliyelipwa manane, na Swala, mbio zake kama upepo, aliyelipwa sita. Wakabaki wamesimama katikati ya uwanja na magongo yao, hawana timu.

Nguchiro alikuwa na matikiti ishirini na manne yasiyo na mwenyewe. "Karibuni Mabwawani," akawaambia. "Manane yako, Nyani, yapo. Sita yako, Swala, yapo."

Ndipo akachagua chipukizi. Wa kwanza, Digidigi, mwembamba kama kijiti cha kuchokonolea meno. Watu wakacheka. Wa pili, Kakakuona. Watu wakacheka zaidi.

"Huyu anafanya nini?" akauliza Ngiri.

"Mpigie mpira," akasema Nguchiro.

Ngiri akapiga kwa hasira zake zote. Kakakuona akajikunja. Kwaa! Mpira ukagonga magamba, ukarudi ulikotoka, ukampita Ngiri sikioni.

Ngiri akashusha gongo. "Matikiti yamebaki mangapi?" akauliza taratibu.

"Chipukizi kila mmoja mawili. Nyie kumi mna kumi na mawili. Kila mtu tikiti zima, na mawili tunakula leo leo."

Hakuna aliyeonja kwa niaba ya mwingine siku hiyo. Kanga alilia alipoona nyama nyekundu ya tikiti. Alikuwa amesahau kwamba ndani ni nyekundu.

Msimu ukaanza. Msidhani walishinda tu. Walifungwa mechi tatu za kwanza. Digidigi akikimbia anausahau mpira nyuma. Kakakuona akijikunja hafunguki mpaka abembelezwe. Lakini walijifunza. Walitoka sare. Wakashinda moja, wakafungwa, wakashinda tena.

Huko Majabali, Kiboko alikaa golini. Alikula matikiti yake mwenyewe, bila kuonja ya mtu. Ila maji hayakuwepo, isipokuwa dimbwi moja mwambani kama bakuli. Alilowesha mguu mmoja mmoja kwa zamu. Na hakuna aliyemuuliza neno. Fisi alikuwa akiamua peke yake. Hilo ndilo lililomuuma Kiboko, kuliko jua.

Ikaja mechi ya mwisho. Mabwawani na Majabali, uwanja wa Mabwawani. Majabali walikuwa mbele kwa pointi moja. Nyuma ya hao wawili hakuna mtu. Mabwawani wakitoka sare, wameshika mkia mara ya nane, na bwawa, na uwanja, na kichuguu, vyote ni vya Fisi.

Nguchiro aliwaambia watoto wake wasitoke shimoni. Hawakutoka, ila pua nne zilionekana.

Pruuu! Ko! Ko! Ko!

Nyani akapiga. Mpira ukagonga tumbo la Kiboko. Bup! Ukarudi.

Swala akapiga. Bup! Ukarudi.

Ngiri akapiga, Kicheche akapiga, Digidigi akapiga. Bup, bup, bup! Kiboko hakusogea. Aliwatazama tu, na alivyokuwa akiwatazama, alikuwa akitikisa kichwa.

Upande wa pili Majabali walipiga, Kakakuona akajikunja. Kwaa! Sifuri kwa sifuri. Jua likazidi kushuka. Fisi ukingoni alikuwa amekwisha kujifunga kitambaa shingoni, tayari kwa mlo.

Nguchiro akaona kile kichwa kinavyotikisika. Akamfahamu yule mtu. Alimwandikia maamuzi misimu saba, angekosaje kumfahamu? Akawaita wachezaji wake, akawanong'oneza neno.

Wakarudi uwanjani. Nyani akausimamisha mpira mbele ya goli la Majabali, hatua ishirini. Akaweka gongo begani.

"Jamani, sasa nani aende wapi?" akasema kwa sauti.

"Mimi sijui," akasema Ngiri.

"Wala mimi," akasema Swala. "Labda twende wote kushoto."

"Labda turudi nyuma."

"Ah, timu haina kichwa hii. Hatuna wa kutuamulia!"

Masikio ya Kiboko yakacheza. Tiki, tiki.

"Kushoto mnajaa bure!" akanguruma kutoka golini. "Swala, nenda kulia!"

Swala akaenda kushoto.

"Kulia, nimesema! Mkono unaolia nao wali!"

"Upi, mzee? Mimi sina mikono."

Kiboko akapiga hatua moja. "Huu upande huu! Ngiri, ondoka hapo, unamziba mwenzio!"

"Rudi golini!" akapiga kelele Fisi.

"Subiri kidogo," akasema Kiboko, bila kugeuka. Akapiga hatua ya pili, na ya tatu, na ya nne. "Wewe Nyani, unalala na mpira? Mpe Digidigi. Digidigi, simama pale, pale wazi. Hapo hapo. Nimeamua!"

"Kiboko! Goli! Goli!"

"Mpe! Haya, Digidigi, piga!"

Na Kiboko akiamua, ameamua. Digidigi akapiga. Ko! Mpira ukapita chini ya tumbo la Kiboko, katikati ya miguu minne, ukabingirika taratibu, tii, tii, tii, ukavuka mstari.

Aliyeshangilia kwanza alikuwa Kiboko.

"Mmeona?" akapaza sauti, machozi yakimtoka. "Mmeona nilivyopanga?"

Pruuu! Moja kwa sifuri. Mechi imekwisha.

Fisi alimkimbilia Korongo kulalamika. Korongo akafungua gome lake la sheria, akalisoma lote mguu mmoja juu, akasema hakuna sheria inayomkataza mlinda lango kutoa ushauri. Majabali wakashika mkia. Pua nne zikatoka kichuguuni, na nyuma yake miili minne, ikakimbia uwanjani kuzunguka zunguka bila sababu, kama watoto wafanyavyo.

Kiboko aliomba arudi bwawani kuoga. Nguchiro akamruhusu. "Maji hayana mwenyekiti, mzee," akamwambia.

Na msimu uliofuata, zile timu tatu ambazo sikuzitaja zilituma wajumbe bwawani, zawadi mikononi. Kila moja ilikuwa inamtaka Kiboko awe mwenyekiti wake. Zilisema hazijapata kuona kiongozi ambaye uamuzi wake umeleta bao papo hapo. Kiboko akazisikiliza zote, akachagua iliyoleta zawadi kubwa. Nguchiro ndiye aliyemwandikia barua ya kumsifu, na aliandika ndefu.

Fundisho lake nini, watoto wangu? Fundisho ni hili: msiwadharau viongozi wenu. Wasikilizeni, watiini, fanyeni neno kwa neno kama walivyoamua. Faida yake mtaiona. Ila kwanza hakikisheni wamesimama kwenye goli la wenzenu.

Nitoke?
— Toka!
Kapu nimeliacha wapi?
— Kwetu!
Ndani kumebaki nini?
— Maganda!
Haya, gawaneni sawa sawa.